Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

12 Januari 2012

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua kiwe kimekuachia ulale. Mimi sijambo, isipokuwa mikono. Mvuke wa chumba cha kufulia umeizeesha mpaka naona aibu kumpa mtu mkono. Hoteli imejaa na mashuka hayaishi. Tunayapitisha kwenye mashine ya pasi, mmoja upande huu, mwingine upande ule, mpaka jioni mabega hayajulikani ni ya nani.

Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu hayapatani tangu enzi za mashine ya kuranda. Basi naandika, kwa sanduku la posta la karakana yako ya zamani kama kawaida.

Baba, nina jambo. Nimehudhuria semina ya watu wanaopangisha nyumba. Mama anayefundisha alianza na chumba kimoja cha uani kwake, leo ana majengo. Alituambia tusingoje pesa ya kiwanja, tuanze na paa tulilo nalo. Nikawaza paa letu. Tangu Mama atutoke uko peke yako na vyumba vinne: sebule isiyopokea mgeni, chumba changu kinacholaza vumbi, chako, na kile kidogo cha nyuma ulichokijaza mbao. Tupangishe sebule na chumba changu. Kodi iingie benki, mimi siigusi. Siku itakapolingana na mshahara wangu wa huku, nakata tiketi narudi nyumbani. Sitaki kuzeekea kwenye mvuke, na sitaki wewe uzeeke bila mtu wa kukubishia.

Unasemaje?

Binti yako

20 Februari 2012

Mwanangu, mwenye nyumba wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kifua kinakohoa kikikumbuka, kikisahau kinanyamaza. Pole na mikono. Pakaza mafuta usiku, usijifanye shujaa.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa moyo. Ukisema utarudi, mimi nitapangisha hata dari. Nimeziba mlango wa ndani wa sebule kwa mbao, nikafungua mwingine upande wa barabara. Fremu nimechonga mwenyewe, na mlango unafunga bila kupigwa teke, jambo ambalo mtaa huu haujazoea.

Mpangaji wa kwanza ni fundi cherehani, mama mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Siku ya kwanza alinikuta nimevaa shati limechanika kwapa, akalivua mwilini mwangu kwa nguvu na kulishona. Nikaona huyu atatufaa. Chumba chako wamekaa walimu wawili, mume na mke, bado wanaoneana haya. Kitanda chako nimekipeleka chumbani kwangu. Nimekiegemeza ukutani kikusubiri.

Kodi nimepeleka benki mwenyewe. Karani aliniuliza hii ni biashara gani, nikamwambia ni biashara ya kumrudisha mtoto.

Baba yako

8 Machi 2013

Baba mpendwa,

Shikamoo, na habari za afya? Shangazi hajambo? Huku nimepanda cheo. Sasa nasimamia zamu, mvuke naupata kidogo na lawama nazipata nyingi.

Nimefurahi mno na vyumba vitatu ulivyojenga uani. Nimeiangalia picha aliyoituma fundi cherehani mpaka wenzangu wamenichoka. Najua kibanda chako cha kazi kilikuwa palepale na umekibomoa kwa mikono yako. Ahsante, Baba. Nitakujengea kingine kikubwa.

Sasa sikiliza, hii ndiyo hatua yenyewe. Jirani anauza kiwanja chake. Benki iko tayari kunikopesha, ila afisa wa mikopo anataka kuona kila chumba kina mpangaji na risiti, mwaka mzima bila pengo. Chumba anacholala mwenye nyumba hakihesabiwi. Kwa hiyo chako nacho, na kile cha nyuma, inabidi vipate watu. Nimeongea na Shangazi, amesema uende kwake, yuko peke yake na nyumba ni kubwa. Pesa yako ya matumizi nitaituma kwake kila mwezi, mle pamoja. Ni mwaka mmoja tu, Baba. Mkopo ukipita, tunaongea habari za tiketi.

Usiniambie ndiyo kwa kunionea huruma. Kama hutaki, sema.

Binti yako

2 Mei 2013

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Hongera ya cheo. Wanaokulaumu wape kazi nyingine, wataacha.

Nimehama chumba changu. Sikukasirika, usianze kulia kwenye mashuka ya watu. Chumbani kwangu ameingia dereva wa lori ambaye halali humo zaidi ya siku chache kwa mwezi, mpangaji wa kuombewa dua. Kitanda chako nimekipa hifadhi karakana.

Kwa Shangazi nimefika. Bahati mbaya au nzuri, siku zile zile binti yake alirudi na mume na watoto, nyumba ikachangamka. Usijali, watu hubanana.

Kile cha nyuma nacho kimepata mtu. Mzee mmoja fundi wa mbao, hana makuu. Ana kitanda, jiko na sanduku la zana. Nimemwandikia risiti kama wengine, kwa hiyo mwambie afisa wako wa mikopo apumue.

Nimepiga hesabu yangu ya kienyeji. Naona kodi na mshahara wako si mbali tena.

Baba yako

17 Agosti 2014

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Kifua? Shangazi anakulisha vizuri? Samahani kwa ukimya, miezi imenikimbia.

Mkopo umepita na kiwanja ni chetu. Nililia ofisini kwa watu. Najua utauliza habari ya kurudi. Kweli kodi imeukaribia mshahara, lakini sasa kuna marejesho ya benki, na nikiacha kazi watanivalia miwani. Tukaze kidogo tu, Baba.

Jambo jingine ni chumba cha nyuma. Kila nikiangalia benki, wote wamelipa isipokuwa huyo mzee. Mwezi wa tatu huu mfululizo anachelewa. Najua una moyo laini, lakini mpangaji mmoja akizoea kuchelewa wengine wanajifunza. Ana tatizo gani? Ana kazi? Kuanzia mwezi ujao kodi inapanda kidogo kwa wote, na yeye asisamehewe. Kama hawezi, atafute penye uwezo wake.

Usininunie. Semina wanatufundisha hivi.

Binti yako

21 Septemba 2014

Mwanangu,

Marahaba. Hongera sana kwa kiwanja. Nilikwenda kukitembelea, nikasimama katikati nikajiona tajiri, mpaka mbuzi wa mtu aliponifukuza.

Nimewatangazia kodi mpya. Fundi cherehani alipiga kelele, akalipa. Walimu hawakupiga kelele, wakalipa.

Yule mzee nimeongea naye. Kazi anayo, anatengeneza viti na kabati za watu. Tatizo ni vidole, asubuhi vinakataa kukunjuka, basi kazi ya siku moja inachukua juma. Lakini hajawahi kukosa, mwanangu, anachelewa tu. Uani anafagia yeye bila kuombwa. Bomba likivuja anaziba yeye, mlango ukilegea anakaza yeye. Ungemwona usingemchukia. Amesema kodi mpya ataitafuta.

Mwaka mmoja tuliosema umepita. Sikukumbushi kwa ubaya. Nakumbusha kwa sababu siku nyingine nikitembea barabarani naona mtu ana mwendo wako, naongeza hatua nimfikie, halafu si wewe. Naudhika siku nzima.

Baba yako

5 Juni 2015

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai nyote wazima. Mimi sijambo, nina usingizi tu.

Habari kubwa: benki wamekubali kuongeza mkopo. Tunajenga ghorofa, Baba. Litaanzia kiwanja kipya na kuingia nyuma ya nyumba yetu, kwa hiyo chumba cha nyuma kitabomolewa pamoja na vya uani. Mwashi anaanza mwezi ujao. Wa uani wamekubali kuhamia upande wa mbele tukigawa vyumba, wanalipa vizuri, sitaki kuwapoteza. Wa nyuma hapana. Mpe notisi ya mwezi mmoja. Muulize vitu vyake ni vingi kiasi gani, mwashi asije akakwama naye mlangoni, na nijulishe anaondoka tarehe gani.

Halafu nisaidie kuelewa. Huyo mzee hana watoto? Watoto wake wako wapi, mpaka mtu mzima hivyo anahangaika na kodi kwenye chumba cha mtu? Mimi baba yangu nimempeleka kwa dada yake akatulie. Watu wengine hawana aibu.

Ghorofa likiisha, nakuja. Safari hii kweli.

Binti yako

4 Julai 2015

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kikohozi ni kile kile tumezoeana.

Notisi nimeifikisha. Hakubisha. Vitu vyake vinaingia mkokoteni mmoja na nafasi inabaki ya kukaa yeye mwenyewe.

Umeuliza habari za watoto wake. Anaye mmoja, yuko mbali, ni mchapakazi. Nilipomuuliza mbona hakai naye, alisema mtoto ana mipango mikubwa, mipango mizuri, na yeye hataki kuwa wa kumvuta shati. Usimlaumu mtoto wa watu. Mzee mwenyewe hamlaumu.

Alihama jana. Amekifagia chumba na kupaka chokaa pale moshi wa jiko ulipochafua ukuta, ingawa nilimwambia kitabomolewa. Ufunguo nimeuweka pamoja na mingine. Na kazi ya kukusanya kodi, naomba sasa umpe mwalimu. Kijana mwaminifu, na anajua kutuma kwa simu. Miguu yangu haipendi tena foleni ya benki.

Ghorofa litakwisha lini?

Baba yako

9 Aprili 2016

Baba,

Shikamoo. Uko wapi?

Umenyamaza tangu Julai, na mimi nikajiambia uko kwa Shangazi, umechoka kuandika. Jana fundi cherehani alinipigia kuhusu taa za ngazi. Tulipomaliza akaniuliza, "Na mzee anaendeleaje huko alikohamia? Tangu mlipombomolea hatujamtia machoni."

Nikamwambia mzee yupi, Baba yangu yuko kwa Shangazi. Akaniuliza kama natania. Kisha akasema, "Dada, mzee wa chumba cha nyuma ni baba yako. Sisi tulidhani mmekubaliana."

Nimempigia Shangazi. Kwanza alizunguka, mwisho akalia. Amesema ulikaa kwake siku chache tu, mkwe wake akawa analala ukumbini kwa ajili yako, ukaona haya ukaondoka. Na pesa ninayotuma ulimwachia yeye kwa ajili ya wajukuu. Amesema ulimwapisha asiniambie.

Baba, nilikupandishia kodi. Nilikupa notisi. Nimekaa kwenye ngazi za hoteli na sare yangu, watu wananipita na masanduku yao, siwezi kusimama. Kwa nini hukuniambia? Barua hii naituma karakana, sijui kama bado unapita. Niambie uko wapi. Nimeomba likizo.

Mwanao

3 Mei 2016

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenikuta. Inuka kwenye hizo ngazi, utapata baridi.

Nimepanga chumba nyuma ya soko la mbao, mlango wa mwisho, ulizia fundi viti. Ukuta una unyevu kidogo na kifua hakijaupenda, lakini majirani ni wema. Mwenye nyumba wangu ni kijana mkali kama wewe, tofauti yake ni kwamba yeye huja mwenyewe.

Unauliza kwa nini. Benki ilitaka kila chumba kiwe na mtu, kwa Shangazi hapakukalika, na mimi nilikuwa na haraka ya kukuona. Nikafikiri, nikiingia pale nikalipa kama mtu mwingine, mwaka utapita na wewe utakuja, tutacheka. Kila mwezi nilijidai kodi, nikajivumilia, nikajiandikia risiti. Siku nyingine nilijigombeza kwa kuchelewa. Lilikuwa jambo la kuchekesha kwa muda.

Halafu lilianza kuniuma, sitakuficha. Barua zako nilianza kuzisoma kutoka chini, pale unaposema utakuja lini, ndipo nikarudi juu kwenye habari za vyumba. Kuhama hakukuniuma sana, nimehama mara nyingi. Ila uliuliza yule mzee analipa lini, ana tatizo gani, ana vitu kiasi gani, anaondoka tarehe gani. Mimi nilikuwa nakaa nasema moyoni, akiuliza tu mzee huyu anaitwa nani, nitaandika jina langu na mchezo utaishia hapo. Kujitaja mwenyewe nilishindwa, lakini kukuandikia jina la uongo nisingeweza. Nilingoja swali hilo mpaka siku ya mkokoteni.

Usilibebe hili kama gunia. Nilikuwa na mdomo na sikuutumia, mimi na wewe tumefanana kwa ukaidi. Umejenga ghorofa na mimi nimelipita kwa nje, nikawaambia watu ni la mwanangu. Hawakuamini kwa viatu nilivyovaa.

Njoo. Usilete kitu. Nimeanza kukutengenezea kiti, vidole vikikubali.

Baba yako

12 Juni 2016

Baba,

Shikamoo. Sijui niandike nini mahali pa kuuliza hali, basi nauliza tu kama siku zote. Hujambo?

Likizo walinicheleweshea kwa sababu hoteli ilikuwa imejaa. Nilifika Alhamisi. Majirani walikuwa wamekupeleka hospitali Jumatatu, na Jumanne hukuwepo tena. Tumekuzika Jumamosi pembeni ya Mama. Fundi cherehani alikushonea shati jipya, hakutaka mtu yeyote amsaidie.

Ghorofa limejaa lote. Mwalimu amenitembeza kila sakafu, amenionyesha milango yote, na hakuna hata mmoja ninaoweza kuufungua nikalala. Wote wana mikataba. Kwa Shangazi watoto wako mpaka ukumbini. Kwa hiyo niko hapa chumbani kwako, nyuma ya soko la mbao. Nalala kitandani mwako. Asubuhi majirani wananisalimu, wananiuliza ulikuwa unapenda nini na mimi ndiye ninayewauliza wao. Nalia nikiosha vyombo, nalia nikitafuta kiberiti. Nimeacha kazi. Nimerudi nyumbani, Baba, na nyumbani hakuna mtu.

Jana jioni mwenye nyumba wako alibisha hodi. Kijana mwenyewe si mbaya. Alinipa pole akiwa amesimama, akazungusha macho chumbani akiangalia vitu ni vingi kiasi gani. Akasema kuna mtu anakitaka chumba, na akaniuliza nitahama lini.

Nikamwonyesha risiti yako. Ulikuwa umelipa mpaka mwisho wa mwezi, tena mapema. Akaisoma, akanirudishia, akaaga.

Basi nipo hapa mpaka mwezi uishe.

Mwanao